Jumamosi: barua pepe kwenye Django

Habari za jioni, wapendwa.

Jumamosi tunakutana saa 4 asubuhi, Sinza, palepale pa siku zote. Kazi ni moja tu: mtu akisahau nywila, mfumo wetu wa Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti) umtumie barua pepe wenyewe. Mchango ni sh. 3,000 ya chai na bando, umfikie mhazini kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Kabla ya kuja:

1. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Gmail yako, kisha tengeneza nywila ya programu, ile ya herufi 16. Nywila ya kawaida ya Gmail haikubaliki hapa, msihangaike nayo.

2. Nywila hiyo ya programu ikae kwenye faili la .env (la kuwekea siri za mfumo), na .env iandikwe kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git haiyachukui). Tafadhali sana. Wala msiitume humu kikundini, hata kwa utani.

3. Kwenye settings.py (faili la mipangilio ya Django): EMAIL_HOST ni smtp.gmail.com, EMAIL_PORT 587, EMAIL_USE_TLS iwe True. Anayependa port 465 atumie EMAIL_USE_SSL badala ya EMAIL_USE_TLS, ila zote mbili zikiwa True Django inagoma. DEFAULT_FROM_EMAIL (anwani ya mtumaji) pia jazeni, la sivyo itajijaza webmaster@localhost.

Wenye bando la kuungaunga msiogope. Ukiweka EMAIL_BACKEND (njia ya Django ya kutuma barua) ya console, barua inajichapa kwenye terminali bila kutoka nje, na kwa mazoezi inatosha kabisa.

Naomba kila mmoja ajibu "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku, nijue idadi ya viti. Mwenye ekstensheni ya umeme aseme, soketi pale ni mbili tu.