Ofisi ya nyumbani Mombasa ianze na upepo, meza ifuate

Mhariri,

Watu wanaotaka ofisi nyumbani siku hizi hutuletea picha kwenye simu: meza nyeupe, kiti cheusi cha ngozi, ukuta umejaa rafu. Picha hizo ni za nchi za baridi. Hapa kwetu meza hiyo huvimba, kiti hicho hubanduka na rafu hizo huanguka. Sisi mafundi wa mbao na umeme tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tueleze yanayofaa kujulikana kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Chagua chumba kwanza, na ukichague kwa dirisha lake. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua la adhuhuri haliko mbali na utosi mwaka mzima. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi huegemea kusini, miezi mingine huegemea kaskazini. Dirisha la pande hizo mbili hukingwa vyema na ukingo wa sentimita 60 tu juu yake. La magharibi halikingiki hivyo, maana jua la alasiri huja chini chini na kufika hadi mezani. Kama huna chumba kingine, kizuizi kiwe nje ya kioo: luva za mbao au chiki ya mianzi. Pazia la ndani huzuia mwanga, lakini joto limeshaingia.

Upepo nao una njia zake. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na chumba chenye tundu moja hakinufaiki na wowote kati yao, hata kama kiko karibu na bahari, kwa sababu hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Mlango ubaki wazi. Kama kazi yako inataka mlango ufungwe, kata nafasi ya sentimita 30 juu ya fremu yake, uitie luva. Meza usiiweke mbele ya dirisha linalotazama kusi; mvua ya masika huja na upepo huo na hupiga ubavu. Iweke dirisha likiwa upande wako wa kushoto, au wa kulia kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto. Hapo skrini haitang'aa wala hutakodoa macho dhidi ya mwanga wa nyuma yake.

Kuna kosa moja la feni ambalo liko karibu kila nyumba. Taa ikiwa juu ya mapanga ya feni, kivuli hukatakata juu ya karatasi na kibodi bila kukoma, na mtu huumwa kichwa asijue sababu. Hamisha taa iende ukutani, au tumia ya mezani.

Sasa meza. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao, na ubao wa vipande vilivyogandishwa kwa gundi huharibika kuanzia pale ulipokatwa na pale skurubu za miguu zinapoingia, kwa kuwa hapo hakuna rangi ya kuzuia unyevu. Ukishavimba haurudi. Mvule ni bora, ingawa bei yake imepanda. Playwudi ya baharini ya milimita 18 inatosha na haisumbui. Ubao wowote upakwe vanishi pande zote sita, hata chini pasipoonekana. Ukipakwa juu pekee, upande wa chini hunywa unyevu zaidi na ubao hujipinda. Mbao halisi hutanuka kwa upana wake msimu wa mvua, kwa hivyo fundi atoboe matundu ya skurubu za chini yawe marefu kidogo ili ubao upate kusogea. Vinginevyo utapasuka katikati. Skurubu ziwe za shaba au stenlesi. Za kawaida hupata kutu kwa chumvi ya hewa, na siku ya kuhama hazifunguki.

Kimo ndicho watu hukosea zaidi. Meza za dukani huwa na sentimita 73 hadi 75, na viti vyake vimepimwa kwa mtu mrefu aliyevaa viatu. Nyumbani tunakaa miguu mitupu, na wengi wetu si warefu hivyo. Matokeo yake miguu huning'inia, ukingo wa kiti hubana nyuma ya paja, na kufikia saa sita miguu imekufa ganzi. Jipime mwenyewe. Keti wima juu ya kitu kigumu, bila viatu, nyayo zote sakafuni, magoti yakunjike sawa. Kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti ndicho kimo cha kiti chako. Kisha acha mikono ilegee, ukunje viwiko. Kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko ndicho kimo cha kibodi. Kwa mtu mfupi hiyo inaweza kuwa sentimita 62 au 65. Mwambie fundi apunguze miguu ya meza. Kama meza ni ya kukodi au ya kushirikiana na wengine, inua kiti na uweke kijukwaa cha mbao chini ya miguu.

Laptopu pekee haiwezi kukaa vizuri: skrini ikifaa shingo, kibodi haifai mikono. Iinue mpaka ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, kisha nunua kibodi na kipanya vya pembeni. Hivi viwili vina faida kuliko kiti cha bei mbaya.

Kuhusu kiti chenyewe, ngozi ya bandia huloweka mgongo jasho, na unyevu wa pwani huifanya ichubuke vipande vipande. Kiti cha wavu hupitisha hewa. Kiti cha mbao cha kulia chakula kinafaa pia, mradi kati ya nyuma ya goti na ukingo wa kiti paingie vidole viwili au vitatu, na kiunoni pawe na mto mdogo wa sufi. Sufi hushindiliwa, kwa hivyo mto uwe na upande wa kufungua ili uchambuliwe na kuanikwa.

Wanaokaa Mji wa Kale, na nyumba zote za mawe ya matumbawe, wasikimbilie kutundika rafu. Drili yenye kugonga huvunja jiwe na kuacha shimo pana lisiloshika kitu. Zima kugonga kwake, toboa polepole kwa ncha ya milimita 8, uingie angalau sentimita 7, na utumie vibomba virefu vya plastiki vya kushikia skurubu. Ukuta uliopigwa plasta ya chokaa upakwe chokaa. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani, ikafanya malengelenge, na vitabu vilivyo karibu hushika ukungu. Rafu ya kusimama iliyoachana na ukuta kwa sentimita 5 ina usalama zaidi. Kuta hizo nene huua pia mawimbi ya intaneti. Vuta waya wa mtandao hadi mezani.

Umeme ukikatika, hesabu iwe tayari. Laptopu wati 60, feni 70, taa ya LED 9, rauta 10: jumla kama 150. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ikikamuliwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, nayo hula sehemu yake. Kinachobaki ni kama wati-saa 500, yaani saa tatu na kidogo. Bila feni, zaidi ya saa sita. Inveta iwe ya wimbi safi (dukani huitwa pure sine wave). Ile ya rahisi hufanya feni ingurume na kupata moto. Betri ya asidi ikae penye hewa, kwa kuwa ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto.

Ekstensheni ya ofisi isichomekwe pasi wala birika, na waya wake usiachwe umeviringishwa ukiwa na mzigo. Hupata joto katikati hadi plastiki ikayeyuka. Ukigusa laptopu ya chuma iliyo kwenye chaji ukahisi sisimizi vidoleni, huenda soketi haina waya wa ardhi, jambo la kawaida katika nyumba kuukuu. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, aipime.

Kwa wenye nyumba wanaojenga Kisauni, Bamburi, Mikindani na Likoni tuna ombi. Katika chumba kimoja wekeni soketi pacha mbili kwa kimo cha sentimita 90, ziwe juu ya meza badala ya kujificha nyuma yake. Lazeni bomba tupu la milimita 25 kutoka nje kwa ajili ya waya wa intaneti. Na acheni tundu la hewa juu ya mlango. Kabla ya plasta, hiyo ni kazi ndogo kwa mafundi walioko tayari hapo. Baada ya plasta ni kuvunja ukuta, na gharama humwangukia mpangaji.

Mafundi wa samani na umeme,
Majengo, Mombasa