Kuhusu Beji za Shati Lako la Skauti

Kawangware, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Shati uliloniachia siku ya kutembelewa nimelifua, nikalipiga pasi na kulikunja ndani ya mfuko huu pamoja na skafu yako. Utakapolifungua utaona kwamba halina beji hata moja isipokuwa ile ya zambarau, na ninakuomba usinikasirikie kabla hujaisoma barua hii yote. Mnakwenda Nyeri kwa sherehe ya tarehe 22 Februari, na sikutaka usimame mbele ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ukiwa umevaa kifuani kitu ambacho hukukitolea jasho.

Nilikuwa nimelitundika kando ya cherehani nikisubiri kulikazia vifungo, akaingia mzee mmoja ambaye amekuwa kiongozi wa Skauti kwa miaka mingi, amekuja kuchukua suruali yake. Aliliangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole ni mtoto gani wa hapa mtaani aliyefikia daraja la Eagle huko Marekani. Nilidhani anatania. Akanionyesha ile beji ya mviringo mrefu yenye tai, iliyokuwa kwenye mfuko wa kushoto, akaniambia kwamba hilo ndilo daraja la juu kabisa la maskauti wa Marekani, na kwamba mtoto wa huko hulipata baada ya kukusanya angalau beji 21 za ustadi, zikiwemo za huduma ya kwanza na za kupiga kambi, na baada ya kuongoza mradi wa kuisaidia jamii yake, tena yote ayamalize kabla hajatimiza miaka 18. Nilikosa la kumjibu. Nilimpa suruali yake na chenji, nikaketi.

Wewe umeivaa beji hiyo muhula mzima, mwanangu, na uliivaa hata kule Rowallan mlipopiga kambi. Ninajua ni nani aliyelinunua shati hilo pale soko la mitumba la Toi, na ninajua ni nani aliyesema kwamba viraka hivyo vinapendeza na hakuna atakayevitambua, kwa hiyo sina haja ya kukukumbusha. Fedha za kununua sare mpya zilikuwepo mwezi ule, lakini zilikwenda kwenye kodi ya nyumba. Hata hivyo wewe ndiye uliyekula kiapo, si mimi, na wewe ndiye unayejua kwamba sheria ya kwanza kabisa ya Skauti inahusu kuaminika. Ulipaswa kuniambia, "Mama, hizi si zangu." Ungeniambia, ningezifumua usiku uleule.

Mzee yule alinieleza kila kiraka na kazi yake, na nikaona kwamba shati la skauti husomwa kama kitambulisho. Bendera ya Marekani kwenye mkono wa kulia ilikuwa ikisema wewe ni skauti wa nchi ile. Kile kiraka cha bega la kushoto kilitaja jimbo la Skauti la huko, na tarakimu zilizokuwa chini yake zilikuwa nambari ya kundi la mtoto ambaye hatumjui. Kiraka cha mfuko wa kulia kilikuwa cha kambi fulani ambayo hukuwahi kukanyaga, nacho kwa kanuni zao huwa ni cha muda tu, na hakivaliwi zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila uliposimama kwenye gwaride, shati lako lilikuwa likieleza habari za mtu mwingine. Akikutana nawe Nyeri skauti mgeni anayejua kuzisoma alama hizo, akakusalimia kwa mkono wa kushoto na kukuuliza mradi wako ulikuwa gani, ungemwambia nini? Swali hilo limeninyima usingizi siku tatu.

Kuzifumua kumenichukua jioni mbili, kwa sababu aliyezishona alizishona kwa mkono, kwa uzi mwembamba uliofuata ukingo wa kila kiraka, sindano karibu karibu, bila kuruka hata pahali pamoja. Mimi ni fundi na ninaitambua kazi ya mtu mwenye subira. Nadhani alikuwa mama yake. Chini ya ile beji ya tai kitambaa hakijapauka kama sehemu nyingine, kwa hiyo umebaki umbo lake mfukoni, la kaki iliyoiva, na matundu ya sindano kulizunguka. Nimelilowesha na kulipiga pasi mara nne, halijatoka. Wakikuuliza, waeleze ukweli kwamba shati ni la mtumba na kwamba beji iliyokuwepo haikuwa yako.

Ile ya zambarau nimeiacha makusudi. Ua lile jeupe, nyota mbili na kamba iliyofungwa fundo chini yake ni alama ya maskauti wa dunia nzima, na mzee ameniambia kwamba kila aliyekula kiapo ana haki nayo, awe wa Marekani au wa Kawangware. Muulize kiongozi wenu kama imekaa mahali panapotakiwa katika sare yetu. Akisema isogezwe, isogeze. Beji yako ya ngazi ya Mwamba, ambayo umekaa nayo sandukuni tangu utoke ngazi ya wadogo ya Chipukizi kwa kuona ni ndogo na haina rangi nyingi, ndiyo nataka niione kwenye picha za Nyeri. Hiyo uliipata wewe. Nilipoambiwa umeipata niliwaeleza wateja wote wa siku ile, hata mwenye nyumba alipokuja kudai kodi nilimweleza kabla ya kumweleza kwamba fedha hazijatimia.

Mkifika pale kaburini, tazama jiwe lenyewe. Nimeambiwa lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiacha njiani kumaanisha "nimekwenda nyumbani". Mzee aliyezikwa pale tangu 1941 alitaka sare ifunike tofauti ya mtoto wa tajiri na wa maskini, kwa hiyo usione haya kwa sababu shati lako limebaki tupu. Hukuniambia, lakini ninafahamu kwamba aibu hiyo ndiyo iliyokufanya uziache beji zile.

Dada yako ameomba kile kiraka cha tai akishone kwenye mkoba wake wa shule, nimemkatalia, naye amenuna tangu jana. Vyote nimevitia katika kopo la vifungo, juu ya kabati, na ukirudi Aprili utaniambia wewe mwenyewe tuvifanyie nini. Maji yamekatika tena wiki hii, ndiyo maana skafu haikusuuzwa vizuri. Isuuze huko kabla ya safari na uianike kivulini isichujuke. Sindano nimeichomeka ndani ya ukosi wa shati, uangalie isikudunge, na uzi niliouzungusha kwenye kipande cha karatasi ni wa rangi ya kaki. Beji yako ishone mwenyewe, mishono midogo, na usitumie uzi mweupe.

Mama yako