Uchokozi wa jirani na nia ya kuua ni mambo mawili

Ndugu Mhariri,

Kichwa cha habari yenu kuhusu rufani ya mtu aliyempiga jirani yake hadi kufa kilisema muuaji amenusurika. Majaji hawakusema hivyo. Walikubali kwamba alipiga na kwamba jirani alikufa kwa kipigo hicho. Walichokataa ni kuwa nia ya kuua ilithibitishwa, ndipo wakashusha kosa hadi kuua bila kukusudia. Kwa sheria ya Tanzania hata kosa hilo laweza kumfunga mtu maisha. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa tu, ukiacha mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Kenya, Mahakama ya Juu iliuondoa ulazima huo mwaka 2017.

Hoja ninayoisikia kila mahali ni kwamba wawili hao walikuwa na uhasama wa siku nyingi, kwa hiyo alikusudia. Uhasama unaeleza kwa nini ugomvi ulizuka. Hausemi mtu alitaka nini alipoinua fimbo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaeleza mwaka 1945 mambo ya kutazama: silaha yenyewe, ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyoumizwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Aliyerudi ndani kuchukua panga hawezi kupimwa sawa na aliyeokota ubao wakati tayari wameshikana mashati.

Halafu kuna jambo ambalo habari yenu haikuligusa kabisa: mashahidi. Ugomvi wa majirani huonwa na nani? Mke, watoto, shemeji, na jirani wa tatu ambaye naye ana upande wake. Chuki ileile inayompa mmoja sababu ya kupiga huwapa wengine sababu ya kuongeza majina, hata nyumba nzima ikajikuta kizimbani, baba na wanawe, kwa pigo la mtu mmoja. Ndiyo maana katika rufani ya kwanza majaji huupima ushahidi upya, wakikumbuka kwamba wao hawakuwaona mashahidi wakizungumza. Wakikuta jina ambalo halikutajwa polisi siku ya kwanza likaja kuibuka mahakamani, wana haki ya kutilia shaka. Wengine huita hilo ujanja wa mawakili. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe.

Sisemi wafiwa wanyamaze. Mjane aliyesikia neno "rufani imekubaliwa" bila mtu wa kumfafanulia ana haki ya kukasirika, na mahakama zinapaswa kulaumiwa kwa hilo.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika tena habari ya namna hii, aya ya kwanza iseme mrufani amekutwa na hatia ya kosa gani na amepewa adhabu gani. Kichwa cha habari kifuate hapo.

Msomaji wenu