Barua kwa Zuhura kuhusu presha ya mama

Langoni, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto, na mkono wa mama naubusu. Uliponiambia presha yake haishuki hata kwa dawa tatu, na kwamba usiku anabanwa na misuli na haishi kwenda chooni, nilishtuka, maana hayo ndiyo yaliyonipata mimi.

Unakumbuka ngazi za nyumba yetu nilivyozipanda kwa kupumzika mara mbili? Miaka minne niliongezewa vidonge tu, hakuna aliyenipima potasiamu, yale madini ya damuni yanayosaidia misuli kufanya kazi. Ilipopimwa ilikuwa 2.8, na chini ya 3.5 tayari ni pungufu. Kumbe juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali, na yangu ya kushoto ilikuwa na kivimbe cha sentimita moja na nusu kikimwaga homoni ya aldosteroni kupita kiasi. Homoni hiyo huufanya mwili ushikilie chumvi na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Daktari Mmarekani, Jerome Conn, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1955, na bado watu wanaishi nao wakiambiwa ni presha ya kawaida. Hilo linaniuma sana.

Picha ya CT, ile eksirei ya kompyuta, pekee haikuwatosha. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye mishipa ya tezi zote mbili, wakachukua damu, wajue kwa yakini mkosa ni ipi.

Nilipasuliwa Nairobi, nikatolewa tezi ile ya kushoto kwa tundu moja tu kitovuni. Tumbo lilijazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili wapate nafasi, kisha kamera na vyombo vyote vikapita hapo hapo. Daktari alinieleza mapema kwamba vyombo hugongana vikipita njia moja, na akiona hatari angeongeza matundu, au hata kufungua tumbo. Nilimshukuru kwa ukweli huo. Kwa hiyo dada yangu, kovu dogo lisiwe sababu ya kumchagua daktari. Matundu matatu au manne nayo hufanya kazi ileile. Tafuteni mkono uliozoea.

Nilipoamka, bega liliniuma kuliko tumbo! Ni ile hewa, huchokoza kiwambo cha kupumulia, na maumivu yakasikika begani. Siku ya tatu nilitoka. Tezi iliyobaki inatosha mwili mzima. Potasiamu imekaa sawa, na kati ya dawa zangu imebaki moja. Sikupona presha yote, kwa kuwa nilikaa nayo muda mrefu, ndiyo maana nakuhimiza.

Mama huenda hana kivimbe. Wengine tezi zote mbili ndizo zinazozidisha, na hao hutibiwa kwa vidonge vya kuzuia aldosteroni, hawapasuliwi. Lakini mwombeni daktari ampime potasiamu, aldosteroni na renini, ile kemikali ya figo inayoamsha aldosteroni, na mpeleke dawa zake zote azione, kwani baadhi huvuruga majibu. Asiache hata moja kwa kujiamulia.

Mkipata siku ya kwenda Mombasa, niambie. Nitavuka alfajiri mpaka Mokowe nipande basi, mnikute stendi hapo Malindi, twende naye pamoja. Karatasi zangu zote nitakuja nazo.

Wako akupendaye,
Mwanakhamisi