Rangi ya mshumaa si rangi ya sabuni

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, barua yako imenifikia. Umeuliza kama pakiti moja ya rangi yaweza kutumika kwenye mishumaa na sabuni pia, upunguze gharama. Usijaribu. Rangi ya mshumaa lazima iyeyuke ndani ya nta pasibaki chembe; ya sabuni lazima iistahimili kostiki soda, ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ni nadra kupata moja iwezayo yote mawili.

Utambi hunywa nta iliyoyeyuka na kuipandisha kwenye mwali. Sasa rangi za unga wa madini kama oksaidi na maika, ule unaometameta, haziyeyuki, zinaelea tu. Chembe zake hupanda pamoja na nta, huziba utambi, mwali unanywea, na mwisho mshumaa unajizamisha kwenye nta yake. Kalamu za nta za watoto zina kasoro hiyohiyo, kwa hiyo anayekuambia uzikatekate uzitie, mwitikie tu kwa adabu. Rangi za chakula za majimaji zitajikusanya chini ya sufuria kama shanga, na tone likifika motoni utasikia mshumaa ukitatarika. Rangi za ukili nazo ni za kuchemshwa na maji. Waachie wasuka mikeka.

Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya mishumaa na inayeyuka katika mafuta. Ya unga anza na nusu gramu kwa kilo moja ya nta ya parafini. Mizani ya jikoni haikupimii nusu gramu, basi tengeneza nta kali: gramu 5 za rangi ndani ya gramu 95 za nta ya moto, mimina kwenye trei, ikiganda ikate vipande. Kila gramu 10 za vipande hivyo zina nusu gramu ya rangi. Nta yako iyeyushe juu ya sufuria ya maji mpaka nyuzi 80, tia vipande, koroga dakika mbili tatu, ndipo utie manukato. Rangi unayoiona nta ikiwa ya moto inadanganya, huwa imekolea. Dondosha tone kwenye sahani nyeupe, lisubiri ligande, hiyo ndiyo utakayoipata. Ukitaka nyekundu iliyoiva hasa, usiishindilie mshumaa mzima, maana hata rangi nzuri ikizidi huziba utambi. Mimina mshumaa mweupe, kisha uchovye kwenye nta yenye rangi kali.

Kwenye sabuni mambo yanageuka: oksaidi zilizoua mshumaa ndizo zinazofaa. Oksaidi za chuma hukupa nyekundu, njano, kahawia na nyeusi. Bluu chukua ultramarini. Nunua zile za vipodozi. Kwa kilo ya mafuta, kijiko kimoja cha chai kinatosha, viwili ukitaka ikolee. Isage kwanza na kijiko kikubwa cha mafuta mpaka mabonge yaishe, uitie mchanganyiko unapoanza kushika na mwiko kuacha alama juu. Maika uijaribu kwenye kipande kidogo kwanza, kwani baadhi hupakwa rangi zinazokufa zikikutana na soda.

Za mimea ndizo zenye vituko. Umeona doa la mchuzi wa manjano kwenye kanga linavyokuwa jekundu ukilipaka sabuni? Soda ndivyo inavyozifanya rangi nyingi za mimea. Manjano huanza nyekundu, baadaye hutulia kuwa dhahabu, ila jua huipausha. Choya haifiki popote, wekundu wote unaishia kijivu au udongo, na bitiruti vilevile. Kijani cha mwani hufifia baada ya wiki kadhaa. Mimi nakupendekezea mzingefuri: gramu 30 za mbegu ndani ya gramu 100 za mafuta ya nazi, pasha kwa moto mdogo saa moja, chuja. Mafuta hayo yahesabu ndani ya kipimo chako cha mafuta, usiyaongeze juu yake, la sivyo soda haitatosha na sabuni itabaki laini. Nyeusi, mkaa uliosagwa laini.

Ukitumia mafuta ya karafuu, rangi itangulie. Karafuu hugandisha mchanganyiko ghafla, ukibaki na rangi mkononi huna pa kuitia. Manukato ya vanila yatakuletea kahawia hata uweke rangi gani.

Sabuni ya tabaka za gliserini isitiwe rangi zinazoyeyuka katika maji. Kwa siku chache nyekundu itakuwa imehamia kwenye nyeupe.

Ikishakomaa, nawa na ujifute kwa kitambaa cheupe. Povu likitoka na rangi, safari ijayo punguza nusu. Halafu niandikie kama unatumia nazi tupu au umechanganya na mawese, kwa sababu mawese mekundu yana rangi yake ya machungwa, na bluu ukiitia humo utapata kijani cha tope.

Wako,
Rehema