YAH: KUFUNGA MUHULA NA MAFUNZO YA KOMPYUTA KWA WAZAZI

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Kigoma.

Ndugu mzazi/mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa tarehe 5 Juni na itafunguliwa Jumatatu tarehe 6 Julai. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa. Isome, uisaini, airudishe siku ya kufungua.

Utaona safari hii ripoti imechapwa. Muhula huu walimu wetu wote wamekuwa wakijifunza kompyuta jioni, wakifundishwa na mwenzao wa TEHAMA. Awali mwalimu wa darasa alikesha na kikokotoo akijumlisha alama. Sasa akishaziingiza, wastani na nafasi vinatoka hapo hapo, na muda huo anawapa wanafunzi walio nyuma. Wengine wanachukua vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na nakala chache za kabatini hazigombewi tena kama zamani.

Ila mwalimu peke yake hatoshi. Kijana akimaliza kidato cha nne, tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma kidato cha tano, hubadilishwa mtandaoni. Mkopo wa chuo huombwa mtandaoni, na ajira serikalini vilevile. Familia nyingi humwachia kijana wa steshenari kila kitu: ndiye anayefungua barua pepe, ndiye anayebuni neno la siri, na kikaratasi alichoandikia kikipotea, mtoto hawezi tena kufungua maombi yake mwenyewe. Nimeona vijana wenye ufaulu mzuri wakihangaika hivyo, na inaniuma. Sera ya Taifa ya TEHAMA ipo tangu mwaka 2003, ikatolewa upya 2016, lakini haitafika Kigoma kama mzazi hajui kuwasha kompyuta.

Kwa hiyo likizo hii chumba cha kompyuta kitakuwa wazi kwa wazazi, Jumatatu hadi Alhamisi, saa 9 hadi saa 11 alasiri, ili hata wanaofanya biashara ya dagaa Kibirizi wawahi. Hakuna malipo. Wachache wameshaanza. Juzi mama mmoja aliandika majina yake matatu kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi. Alipomaliza akaomba yachapwe, akaikunja karatasi na kuifunga kwenye pindo la kitenge.

Njoo na simu yako na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tutaanza na kufungua barua pepe yako na neno la siri unalolijua wewe mwenyewe. Umeme ukikatika, somo litafanyika kesho yake saa ile ile.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule