Barua kwa Saada Kuhusu Msimu wa Pili

Mombasa,
5 Aprili 2021.

Kwako shoga yangu mpendwa Saada,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi sote tu wazima, na mama anakusalimu sana. Nimesikitika kusikia kwamba amri ya kufunga Nairobi na kaunti za jirani imekukuta ukiwa umeshapanga mkoba wa safari, ila naona hukuupoteza muda wako, maana barua yako karibu yote ni utetezi wa msimu wa pili wa The Promised Neverland, ile hadithi ya Kijapani ya watoto wa kituo cha mayatima wanaogundua kwamba wanalelewa ili waliwe na mazimwi, uliomalizika mwezi uliopita. Umeandika kwamba sisi tuliosoma manga, yaani vile vitabu vya katuni vya asili, tumekasirika kwa sababu tu hadithi imebadilishwa, na kwamba tungekuwa waungwana tungeipokea anime, yaani ile katuni ya televisheni, kama kazi inayojitegemea. Hoja hiyo nimeisoma kwa utulivu na siikubali, lakini si kwa sababu unayoidhania. Nitajitahidi kukujibu bila kukufichulia lolote la kwenye manga ambalo hukuliona kwenye skrini, kwa kuwa bado nina tamaa kwamba siku moja utaisoma.

Nianze na msimu wa kwanza, ule wa mwaka 2019, ambao sote wawili tunaupenda. Nao haukuifuata manga hatua kwa hatua. Katika kazi ya mwandishi Kaiu Shirai na mchoraji Posuka Demizu, msomaji huingizwa ndani ya vichwa vya wale watoto watatu wakuu, Emma, Norman na Ray. Hofu zao, hesabu zao na mashaka yao yameandikwa waziwazi kwenye kurasa. Mwongozaji Mamoru Kanbe na wenzake wa studio ya CloverWorks waliyaondoa karibu mawazo yote hayo ya moyoni. Kumbuka jinsi Mama, yaani Isabella, mlezi wao wa kituoni, anavyomhoji Emma baada ya usiku ule Emma na Norman walipolifikia lango kwa siri, akimtazama usoni ili ajue kama ni yeye aliyefika kule. Msomaji wa manga anajua yote yanayompitia Emma. Mtazamaji hajui, na kwa hiyo anabaki kuuchunguza uso wa mtoto yule kama Mama anavyouchunguza, akitafuta kope iliyotikisika, hadi anashtuka kugundua kwamba amekuwa akitazama kwa macho ya mwindaji. Hilo ni badiliko kubwa na la kijasiri, na mimi nalihesabu kuwa bora kuliko asili yake. Kwa hiyo tafadhali usiniweke katika kundi la watu wanaotaka manga inakiliwe mstari kwa mstari.

Mgeuko wa sehemu (yaani episodi) ya kwanza nao ulifanikiwa kwa sababu kila kilichouhusu kilikuwa kimekwisha kuwekwa mbele ya macho yetu: watoto 38 waliovaa nguo nyeupe, namba zilizochorwa shingoni, mitihani ya kila siku, lango ambalo hairuhusiwi kulifikia. Tuliviona vyote tukadhani ni utaratibu wa kituo cha mayatima. Kisha Conny, mtoto wa miaka sita, anaagwa kwa furaha, anamsahau sungura wake wa kitambaa, Emma na Norman wanakimbia kumpelekea, na ndani ya lile lori wanakuta wanachokikuta. Karibu sehemu nzima ilikuwa imetumika kutuonyesha watoto wakila, wakicheka na kukimbizana uwanjani, na ndiyo maana yule aliyelala mfu mle ndani alikuwa Conny, mtoto tuliyemjua.

Umeitaja Fullmetal Alchemist, ile hadithi ya ndugu wawili wanaalkemia, Edward na Alphonse, iliyotengenezewa anime mara mbili, kuwa ushahidi wako, nami naichukua kuwa ushahidi wangu. Anime ya kwanza ya studio ya Bones, chini ya mwongozaji Seiji Mizushima, ilianza Oktoba 2003, wakati manga ya Hiromu Arakawa haijafika hata nusu. Sehemu 51 zilihitaji mwisho na mwisho ulikuwa haujaandikwa, kwa hiyo wakatunga wa kwao. Lakini angalia walivyoutunga. Katika toleo lao, homunkulasi, yaani kiumbe bandia chenye umbo la binadamu, huzaliwa pale mtu anapojaribu kumfufua maiti kwa alkemia akashindwa, na kwa kuwa Edward na Alphonse walijaribu kumrudisha mama yao tangu mwanzo kabisa wa hadithi, inafika siku wanalazimika kupigana na kiumbe chenye sura ya mama huyohuyo. Jambo hilo halimo kwenye manga. Waandishi wa anime wamelizua wenyewe, ila wamelizua kutokana na dhambi tuliyoishuhudia mapema, na linapofika tunatambua kwamba lilikuwa njiani muda wote.

Halafu kuna Hughes, yule mwanajeshi rafiki wa ndugu hao. Toleo la 2003 lilimuua katika sehemu ya 25. Brotherhood, anime ya pili ya hadithi hiyohiyo, iliyoanza Aprili 2009 na kuifuata manga kwa uaminifu zaidi, ilimuua katika sehemu ya 10. Kifo ni kilekile, kibanda cha simu ni kilekile, na adui anajigeuza sura ya mke wake vilevile. Ila kufikia sehemu ya 25 tumekwisha kuchoshwa na zile picha za binti yake anazomwonyesha kila anayekutana naye, tumechoshwa jinsi mtu anavyochoshwa na mjomba wake mwenyewe, na ndiyo maana mazishi yale, mtoto akiuliza kwa nini wanamfukia baba ilhali ana kazi nyingi za kufanya, huniliza hadi leo. Katika Brotherhood nilisikitika, kisha nikaendelea na sehemu iliyofuata. Hapo toleo lililo aminifu zaidi ndilo lililoshindwa, na lilishindwa kwa sababu ya haraka tu.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa wewe ndiye mhasibu. Msimu wa kwanza wa Neverland ulichukua sura 37 za mwanzo ukazigawa katika sehemu 12, yaani takribani sura tatu kwa kila sehemu. Manga nzima ina sura 181 na ilimalizika Juni 2020. Msimu wa pili, uliokuwa utoke Oktoba mwaka huohuo ukaahirishwa hadi Januari kwa sababu ya korona, ulianza manga ikiwa imekwisha zamani, kwa hiyo hawakuwa na udhuru waliokuwa nao watu wa Bones. Zilibaki sura 144. Kwa mwendo wa kwanza zingehitaji sehemu kama 47. Zilitengwa 11.

Hata hivyo ningewasamehe kama wangechagua kipande kimoja cha hadithi wakakisimulia kwa nafasi. Mwanzo wenyewe haukuwa mbaya: msitu ule, na wale mazimwi wawili, Sonju na Mujika, wanaowasaidia watoto badala ya kuwala, vilinipa matumaini. Kisha watoto wakalifikia handaki walilokuwa wakilitafuta, na wewe ulipoona kwamba mna chakula cha akiba na hamna mtu, bila shaka uliona ni jambo la kawaida. Mimi niliganda. Katika manga, mlango ule unapofunguliwa, handaki si tupu. Sisemi zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba baada ya handaki kuna kipande kizima ambacho anime imekiruka, na ni kipande ambacho wasomaji wengi hukitaja kwanza wanapoulizwa walipenda nini katika hadithi hii.

Kisha Norman akarudi katikati ya msimu. Umeandika kwamba ulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, na sina sababu ya kukunyima furaha hiyo. Lakini jiulize, Saada, kelele zile zilitoka wapi. Wewe uliagana na Norman Machi 2019, katika sehemu ya kumi ya msimu wa kwanza, ukamwona tena Februari 2021. Ulikaa karibu miaka miwili bila yeye. Hiyo ni kalenda iliyokufanyia kazi ambayo waandishi hawakuifanya. Binamu yangu, aliyeitazama misimu yote miwili mfululizo siku za mwisho wa juma, aliniuliza kwa dhati kabisa kama Norman aliwahi kuondoka. Kwake zilipita sehemu zisizofika kumi kati ya kwaheri na kurudi, na humo ndani Emma na Ray hawakupewa nafasi ya kukua wala kuzoea pengo lake. Kwenye manga anarudi baada ya sura nyingi mno, akiwakuta wenzake si watoto aliowaacha, na hapo ndipo mgongano wa mawazo kati yake na Emma unapokuwa na uzito. Katika anime wanabishana kuhusu kuangamiza mazimwi wote kana kwamba ni wajumbe wa kikao walio na ajenda ndefu na muda mfupi.

Kuhusu Mama, unasema kwamba alipogeuka mwishoni akawa upande wa watoto ulitokwa na machozi. Naamini machozi yale uliyaazima kutoka msimu wa kwanza. Unakumbuka kile kisengerenyuma cha sehemu ya 12: Isabella akiwa msichana mdogo, yule mvulana Leslie aliyetunga wimbo, kisha miaka mingi baadaye Ray, akiwa bado mdogo kabisa, anauimba wimbo uleule ambao Isabella hakuwahi kumfundisha mtoto yeyote, na mama anajua hapohapo kwamba huyu amemzaa yeye. Manga inaweza kutuambia kwamba kuna wimbo. Anime ilitusikilizisha, kwa muziki wa Takahiro Obata, na hapo ilipata nguvu ambayo karatasi haina. Msimu wa pili ulikuwa na mwanamke huyo mkononi, mwenye historia hiyo yote, na ukamgeuza karibu ghafla bila kutuonyesha hata usiku mmoja wa mashaka yake.

Zile picha za mwisho sikutaka hata kuziandikia, lakini umeziita "muhtasari mzuri", nami siwezi kunyamaza. Picha tuli zinapita mfululizo huku muziki ukipigwa, na kila moja imebeba safari nzima, mtu mzima, au swali ambalo hadithi ilikuwa inalijenga kwa miaka. Wewe uliziona kama kumbukumbu za likizo. Sisi tuliona vifo na mapatano tuliyoyajua, vikipita kasi kuliko matangazo ya biashara. Kama wangekata palepale watoto wanapovuka kwenda ulimwengu wa binadamu, ningewaheshimu zaidi.

Nadhani pia tulivyotazama kulikuwa na mchango wake. Neverland ilirushwa Alhamisi usiku wa manane kwa saa za Japani, ambako wametutangulia kwa saa sita, kwa hiyo kwetu ilikuwa jioni, na mwaka 2019 tulikuwa na juma zima la kubishana kama Ray ni msaliti au la. Mwaka huu, kufikia sehemu ya saba, hapakuwa na cha kukisia. Kila fumbo lilitatuliwa kabla hatujamaliza kuliuliza, na kikundi chetu kikahamia kwenye anime nyingine, Attack on Titan. Nayo imesimama wiki iliyopita hadi mwaka ujao, na sura ya mwisho ya manga yake inatoka tarehe 9 mwezi huu. Kama hutaki kuharibiwa utamu, siku hizo zima simu kabisa, hasa kaka yako akiwa karibu.

Nimekufungia juzuu saba za mwanzo za Neverland. Mizigo bado inaruhusiwa kupita, na dereva tunayemfahamu ameahidi kukufikishia kabla ya Ramadhani kuanza. Anza na juzuu ya 1, usirukie ya 5 ambako msimu wa kwanza unakomea, kwa sababu nataka uyasome yale mawazo ya Emma ambayo Kanbe aliyaondoa, kisha uniambie kama bado unamkubali. Ukilifikia handaki usiandike barua; nipigie simu, hata kama ni saa tisa za usiku. Na juzuu ya 3 ishike kwa uangalifu, gamba lake limelegea.

Wasalimu wote nyumbani.

Mimi wako,
Mwanaisha